Nikishiba, Pua Hunichuruzika

Nikishiba, pua hunichuruzika. Si mafua. Ni kile kifuko cha tumbo kinanibishia hodi: basi, inatosha. Mwenzangu mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo kama wangu yeye hupata kwikwi, mwingine hupiga chafya tatu mfululizo. Mimi ni pua. Nikijifanya sikusikia nikaongeza tonge moja, kifua kinabana kama nimemeza kokwa ya embe, mate yanajaa mdomoni mazito kama ute wa bamia, na hapo ni mbio za chooni. Ndiyo maana mfukoni mwa eproni yangu mna vitambaa viwili, kimoja cha jasho na kimoja cha pua.

Eproni nimeitaja kwa sababu mimi ni mpishi. Nina hoteli ndogo hapa Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, meza sita na mabenchi yake, na huu mwaka wa 14 nawapikia watu samaki wa ziwani, ngege wa kukaanga, mbuta wa mchuzi na omena, pamoja na ndengu, chapati, na pilau siku ya Ijumaa. Kwetu ni Mumias. Niliolewa huku, tunakaa Kaloleni. Mume wangu husema mpishi aliyekatwa tumbo ni kama fundi wa baiskeli aliyekatazwa kupanda.

Nilikatwa Agosti 2022, jijini Nairobi, nikiwa na miaka 43, kilo 134, na urefu wa sentimita 161. Kilichonipeleka si urembo. Ni kidole cha mguu. Nilikuwa na kisukari kwa miaka tisa, insulini asubuhi na jioni, na kidonda kidogo cha kidole kikakaa miezi minne hakifungi. Mama yangu alizikwa na mguu mmoja kwa sababu ya sukari hiyohiyo. Nilipoanza kuota ndoto za ule mguu, tukauza ploti ya Kiboswa, SACCO ikanipa mkopo, ndugu wakachanga. Dada yangu alitoa mchango wake na neno lake: "Pesa zote hizi ili usile? Si ungefunga mdomo tu, ni bure."

Nilikuwa nimeufunga huo mdomo mara ngapi. Mara moja nilipunguza kilo 20 kwa maji ya ndimu na kabeji, nikarudisha 26. Anayedhani mtu mnene hajawahi kukaa na njaa, hajawahi kuishi na mtu mnene.

Upasuaji wenyewe sikuuelewa mpaka daktari aliponichorea nyuma ya bahasha. Juu kabisa ya tumbo wanatenga kifuko cha kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Tumbo lililobaki linaachwa ndani, ila chakula hakipiti tena humo. Halafu utumbo mwembamba unakatwa na kuunganishwa na kile kifuko, kwa hiyo chakula kinaruka tumbo kubwa pamoja na kipande cha mwanzo cha utumbo. "Ni kama barabara ya baipasi," akasema. "Magari hayaingii tena mjini." Nikamuuliza, na wale waliokuwa wakiuza mjini, watakula wapi? Akacheka. Mimi pia nikacheka. Hilo swali lilinirudia baadaye na halikuwa la kuchekesha.

Wiki mbili kabla ya upasuaji niliishi kwa supu na maziwa ili ini lisinyae. Ini la mtu kama mimi hunenepa likalala juu ya tumbo kama paka juu ya gunia, na daktari hawezi kufika anakotaka bila kulisogeza.

Usiku wa kwanza kilichoniuma si tumbo, ni bega la kushoto. Nilidhani wameniangusha. Nesi akanieleza kwamba wao huingia kwa matundu madogo, mimi nilikuwa na matano, na ili waone vizuri hujaza gesi tumboni; inayobaki hukisukuma kile kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu yanajitokeza begani. Hata hivyo alipima homa na mapigo ya moyo kabla ya kunituliza, kwa sababu bega linaweza pia kuwa dalili kwamba ule mshono wa ndani unavuja. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu yanayozidi badala ya kupungua: hayo matatu nilikaririshwa kama mtoto wa chuo anavyokaririshwa sura, na nikaambiwa nikiyaona nikiwa nyumbani nisingoje asubuhi.

Dawa ya gesi ni kutembea. Nilikokota dripu koridoni saa tisa za usiku. Maji nilipewa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, kile cha kupimia dawa ya kikohozi, kikombe kimoja kwa robo saa. Mimi, mtu wa kumaliza chupa ya soda nikiwa nimesimama kwenye kaunta, nilikiangalia kile kikombe nikalia. Halafu nikashindwa kukimaliza.

Nilikaa Nairobi wiki tatu kwa dada yangu, yuleyule wa kufunga mdomo, na kwa haki nimsifu: alinichujia supu mpaka ikawa kama maji ya mvua. Kurudi Kisumu ni kilomita 350 hivi, na kukaa kitako saa nyingi baada ya upasuaji ni kuialika damu igande miguuni. Shemeji alinileta kwa Probox yake, tukasimama Naivasha, tukasimama Nakuru, tukasimama Kericho, na kila kituo nilizunguka gari mara kumi kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Sasa nije kwa mama mkwe.

Mama mkwe ni mtu wa zamani, na kwake mwanamke aliyerudi kutoka hospitali na kidonda cha tumbo ni mzazi. Hana kichanga? Si kitu, utaratibu ni uleule. Nilimkuta ameshachemsha maji kwa majani ya mwarobaini ya kunikanda, leso mbili mpya za kunifunga tumbo zimekunjwa kitandani, na juu ya jiko uji wa wimbi unatokota. Kukandwa nilikataa kwa adabu, nikasema daktari kakataza kugusa mishono. Leso nikazipokea. Uji sikuweza kuukataa. Mama mkwe amekupikia uji, ameketi mbele yako, mikono magotini, anakutazama mdomoni, utaanzia wapi?

Nilijiambia ni kimiminika, nami bado niko kwenye vyakula vya maji na vya kupondwa. Nikanywa vijiko vinane. Ulikuwa mtamu wa ajabu. Mimi ni mtoto wa Mumias, nimekua katikati ya miwa, ulimi wangu ungepaswa kuitambua sukari nguru kwenye kijiko cha kwanza. Ulitambua. Uliamua tu kunyamaza.

Haikupita hata nusu saa. Moyo ukaanza kupiga kama ngoma ya harusi. Jasho likanitoka mpaka kwenye kope. Tumbo likaviringika, chumba kikaanza kuzunguka, nikashuka kitandani nikalala sakafuni, shavu kwenye simenti kwa sababu ilikuwa baridi. Mama mkwe akaanza kunisomea Ayatul Kursi kwa sauti. Alijua nimepigwa jicho, na alikuwa hata na jina la jirani aliyenipiga. Baada ya saa mbili hivi, nikidhani imekwisha, ikaja ya pili: kutetemeka, njaa ya ghafla, macho giza.

Daktari kwenye simu aliita hiyo dampingi. Zamani tumbo lilikuwa mlango wenye bawabu, likiachia chakula kidogo kidogo. Sasa bawabu hayupo, sukari inamwagika kwenye utumbo yote kwa mpigo, utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua, na mwili unapiga yowe. Kisha kongosho nalo linashtuka, linatoa insulini kupita kiasi, sukari ya damu inaporomoka. Ndiyo ile ya pili. Akasema wako wanaoishukuru dampingi kwa sababu huwafundisha. Mimi siku hiyo sikushukuru kitu.

Ila mama mkwe alifundishika kuliko mimi. Nilipomweleza, alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe nilitaka kukuua, mwanangu." Kuanzia siku hiyo akawa polisi. Uji ukawa mwembamba, bila sukari, akiuchuja kwa kitambaa, na saa ya ukutani akaihamishia jikoni apate kunihesabia dakika za kutokunywa. Kwa maana sheria nyingine ni hiyo: maji na chakula havikutani. Ukila, unangoja nusu saa ndipo unywe, la sivyo maji yanakisukuma chakula chote chini na unabaki mtupu, au kifuko kinajaa maji na chakula kinakosa nafasi. Katika joto la Kisumu, na moto wa makaa usoni, hiyo ndiyo amri iliyonitesa kuliko zote. Chupa yangu ya maji hutembea nami kama mtoto wa mgongoni, na nanywa kama kuku: funda dogo, kichwa juu, funda dogo.

Chakula kilirudi kwa daraja. Vya maji, halafu vya kupondwa, halafu vilaini, na mpaka mwezi wa pili ukiisha nikawa naruhusiwa karibu kila kitu kwa kiasi. Mtaalamu wa lishe aliniwekea protini gramu 60 kwa siku, kwa uchache. Nikapiga hesabu. Yai moja lina kama gramu sita. Kwa hiyo mtu mwenye tumbo la ukubwa wa yai anatakiwa ale mayai kumi. Nilimuuliza kama anatania. Hakuwa anatania; alitaka nile mara sita kwa siku, na kila mara kitoweo kiwe cha kwanza mdomoni. Hapo ziwa lilinisaidia. Omena niliwakaanga wakauka bila mafuta, nikawatwanga kwenye kinu mpaka unga, nikawa nanyunyiza juu ya supu. Ngege wa kuchemsha, kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, nikikichambua kwa vidole, natafuta miiba, natafuna mpaka samaki anakuwa maji. Mlo wa hivyo unachukua nusu saa. Wateja walidhani namchunguza samaki kama ameoza.

Na ugali ukawa wa mwisho, kama pua itaruhusu. Msomaji wa huku kwetu anajua uzito wa sentensi hiyo. Kwetu ugali ndio chakula. Samaki, nyama, kuku, vyote ni mboga. Mtu akila nyama nusu kilo bila ugali atakwambia hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Miezi mingi nilikuwa naondoka mezani nimeshiba mpaka kooni na akili inaniambia sijala.

Sukari ilitii mapema, kabla hata ya mwili kupungua. Insulini niliiacha hospitalini, metformini ikafuata mwezi wa nne tangu upasuaji, presha ikabaki na kidonge kimoja badala ya vitatu. Daktari ananikumbusha kila mara kwamba kisukari kimelala, hakijafa. Sawa. Kidole kimepona na kucha imeota.

Lakini watu.

Hakuna aliyenionya kuhusu watu. Kisumu tumezika wengi, na hapa mtu akipungua haraka hatuulizi anakula nini, tunaulizana pembeni ana nini. Kufikia Desemba nilikuwa nimepoteza kilo 31 na uso ulikuwa umeingia ndani. Mteja wangu wa miaka, mzee wa matatu, akaanza kuagiza chai ya kubeba badala ya kukaa. Mwanamke anayeniletea samaki kutoka Dunga alinivuta nyuma ya jiko akanishika mkono kwa huruma ya kweli: "Mama, kama ni ile dawa, wewe meza tu. Mimi mwenyewe nameza mwaka wa 11, unaniona nilivyo?" Nilitaka kumkumbatia na kucheka na kulia. Alikuwa amenipa siri yake kubwa, nami nilikuwa nimeficha yangu, tena yangu haikuwa hata ugonjwa.

Maana nilikuwa nimeficha. Nilisema nimeacha sukari, nimeanza kutembea. Niliona haya. Watu wana msemo wao kwamba kukatwa tumbo ni uvivu wa wenye pesa, nami sikutaka mteja anayenidai chenji ya shilingi 50 ajue nimeuza ploti. Nilimwambia ukweli yule mwanamke wa Dunga siku hiyohiyo, kwa sababu siri hulipwa kwa siri. Akatazama tumbo langu muda mrefu. "Wamelitoa?" Wameliacha, nikamwambia, ila halina kazi. "Kama mume wangu," akasema.

Alipojua yeye, soko lote likajua kabla ya adhuhuri. Na sijui kama ilikuwa afadhali. Huruma iliisha, ushauri ukaanza. Kila mtu ana jamaa wa jamaa aliyefanya hivyo akafa. Wengine waliona mpishi asiyekula chakula chake ana jambo, na mauzo yalishuka kweli, nusu mwaka mzima. Mwili mnene ulikuwa kibao changu cha biashara na sikujua mpaka nilipoking'oa.

Mwezi uleule wa Desemba nikaenda Mumias kumsalimia mama mkubwa. Alichinjisha kuku. Kuku wa mgeni haulizwi, huyo ni heshima yenye manyoya. Nikala kijipande cha kidari, nikatafuna, pua ikatoka. Nikajifuta, nikaweka mkono chini. Mama mkubwa akasukuma bakuli. Nikasema nimeshiba. Akasukuma tena. Nikala kwa aibu tonge la ugali, likakwama, nikatoka mbio mpaka nyuma ya migomba, na niliporudi alikuwa amegeuzia uso ukutani. "Kuku wangu ana sumu," akasema, hakusema zaidi. Kaka yangu akamaliza kuku. Nililala nikimsikia mama mkubwa akiguna usiku kucha upande wa pili wa pazia.

Nywele zilianza kutoka mwezi wa nne tangu upasuaji, viganja vizima bafuni. Nilikuwa nimeambiwa zitarudi, na zilirudi. Hapo nilishukuru ushungi. Ngozi ni jambo jingine: tumbo lililotoka limeacha mfuko wake ukining'inia, na kwenye joto letu jasho hukaa chini ya ule mkunjo likaleta vipele na harufu. Nakausha vizuri, napaka poda, napitisha kipande cha leso ya pamba kuukuu. Zile leso mbili za mama mkwe hatimaye zilifunga tumbo, si kama alivyokusudia.

Ramadhani ya 2023 ilinikuta mwezi wa saba tangu upasuaji, na daktari akakataza kufunga. Mtu anayekunywa kama kuku hawezi kupata lita moja na nusu kati ya futari na daku. Imamu wa kwetu alinisikiliza akasema mgonjwa ana ruhusa, atalipa akipata nguvu. Kichwa kilielewa. Lakini kunywa maji mchana wa Ramadhani nikiwa nimejificha nyuma ya gunia la makaa ndani ya jiko langu mwenyewe, hilo halizoeleki. Jioni nilipika futari ya watu: mihogo ya nazi, viazi, kaimati zinazong'aa shira. Kila kaimati niliitazama nikaiona ile sakafu ya simenti. Mwaka uliofuata niliruhusiwa kujaribu, nikafunga siku 19. Nilifungua kwa maji na nusu tende. Mume wangu alikula nusu nyingine, na mpaka leo anaidai ni yake.

Sasa lile swali la wauza mjini. Aprili 2024 nilikuwa na kilo 83, natembea kutoka Kaloleni mpaka sokoni bila kupumzika, na vidonge vya vitamini nilikuwa nimeviacha. Ni ghali, ni vingi, nami nilijiona mzima. Nani humeza dawa akiwa mzima? Kisha nikaanza kutamani odowa. Yale mawe ya udongo yanauzwa Kibuye kwa wanawake wajawazito, ya shilingi kumi. Nilianza na kipande. Ndani ya mwezi nilikuwa nanunua mfuko, nayatafuna usiku mume akilala, nasikia ile ngrutu ngrutu kichwani kama farasi anayekula mahindi. Mfuko wa eproni ukapata mpangaji wa tatu. Muuzaji akanitazama tumbo akaniuliza, miezi mingapi? Nikamwambia nina miaka 45, mwanangu, hii ni ngozi. Kupanda ngazi kukaanza kunichosha, moyo unadunda, kucha zikawa nyeupe.

Kipimo cha wingi wa damu kilisoma 8.1, ni kidogo. Daktari hakunigombeza, alitoa bahasha nyingine akachora ileile barabara. Kile kipande cha utumbo tulichokiruka, akasema, ndipo mahali mwili unapookotea sehemu kubwa ya chuma na kalsiamu. Nayo vitamini B12 inahitaji kitu kinachotengenezwa tumboni ndipo ifyonzwe, na tumbo halikutani tena na chakula. Hao ndio wauzaji wangu, wamebaki mjini hawana wateja, na hawatapata wateja tena maisha. Hamu ya udongo huja na upungufu wa chuma, wala si tabia mbaya. Nikawekewa chuma kwa mshipa. Vidonge sasa nameza kwa kengele ya simu: chuma mbali na chai, maana chai hukizuia, kalsiamu mbali na chuma, saa mbili katikati, maana hugombana. Dawa nyingine nilizokatazwa ni za maumivu aina ya ibuprofeni na diklofenaki, ambazo zinaweza kuchimba kidonda pale kwenye mshono wa ndani. Muuza dawa mmoja alishavuta sindano ya diklofenaki kwa ajili ya mgongo wangu kabla sijamuuliza ina nini. Niliondoka na mgongo wangu.

Njaa nayo ilirudi. Mwaka wa kwanza sikuwa na njaa kabisa, ningeweza kusahau chakula kama mtu anavyosahau mwavuli. Mwaka wa pili ukiisha, nikaanza kuona mizani inapanda: 84, 86, 89. Na mezani sizidishi! Nilimlalamikia binti yangu kwamba upasuaji umeharibika. Yeye anasoma chuo na likizo hunisaidia hotelini. Hakunijibu. Asubuhi aliweka bakuli tupu kando ya jiko akasema, "Mama, kila ukionja kitu, tia kiasi kilekile humu."

Nikaonja ndengu. Nikatia. Nikaonja mchuzi wa mbuta, chumvi haijakaa, nikaonja tena. Kipande cha chapati kilichoungua kidogo, si cha kumpa mteja. Pembe ya kiazi. Na ukoko wa pilau, Mungu anisamehe, ukoko ule wa chini ya sufuria, wa rangi ya dhahabu, wenye mafuta na iliki, ambao huubandua kwa mwiko ukatoka vipande vikavu. Ukoko haukwami. Samaki anakwama, nyama inakwama, lakini ukoko unavunjika mdomoni unateleza chini bila kubisha hodi, na pua inakaa kavu kabisa. Saa tisa alasiri binti akaniletea bakuli mbele ya macho. Lilikuwa limejaa na kilele juu. Mteja mmoja akauliza hiyo ni ya bei gani.

Siku hizi anayeonja ni kijana wangu wa jikoni. Mimi napima chumvi kwa harufu na kwa jinsi mchuzi unavyochemka, na nikishindwa nachovya ncha ya kijiko cha chai, mara moja kwa sufuria. Kilo nne zimeshuka. Ukoko tunawauzia watoto wa shule shilingi kumi na unaisha kabla haujapoa, jambo linaloniuma kidogo.

Desemba iliyopita tulikwenda tena Mumias. Mama mkubwa sasa anajua, aliambiwa na kila mtu isipokuwa mimi. Kuku alichinjwa vilevile. Bakuli lilipoletwa nilianza kutunga maneno ya kuomba radhi kabla ya kula. Mama mkubwa akaingiza mkono kwenye mchuzi, akatafuta, akatoa firigisi, akaiweka peke yake kwenye kisahani cha chai mbele yangu.

Kaka yangu aliacha kutafuna. Kwetu firigisi, imondo, ni ya mwanamume mwenye boma. Mwanamke haitazami hata mara mbili, na kaka alikuwa ameshika nafasi hiyo tangu baba alipofariki.

"Ni ndogo," mama mkubwa akamwambia, "na tumbo lake ni dogo. Wewe kula kuku."

Firigisi ni ngumu. Niliikata vipande sita kwa kisu cha matunda, nikatafuna cha kwanza mpaka taya ikauma. Wao wakamaliza ugali, wakanawa, wakaanza habari za mazishi ya jirani na bei ya mbolea. Watoto wakaondoa vyombo. Mimi nilikuwa kwenye kipande cha tatu, pua ikaanza. Nikatoa kitambaa. Mama mkubwa alikuwa akinitazama. Akakifunika kile kisahani kwa bakuli, akakipandisha juu ya kabati mbali na paka, akasema nitaendelea saa kumi.